Sufuria Iliyofunikwa katika Kontena Namba Nne

Kabla hujanunua kontena, nenda kasimame ndani yake saa nane mchana, mwezi wa pili, mlango umefungwa, uhesabu mpaka mia. Ukifika mia bila kuusukuma mlango, njoo unipe mkono, maana mimi sijawahi kupita arobaini. Vijana wengi wanaokuja kwangu kuuliza habari za stoo za kukodisha huanza na kodi: chumba kimoja unatoza ngapi. Nawaambia waanze na jua. Kodi itakuja yenyewe. Jua la Kitengela limeshafika.

Siku hizi sifanyi kazi. Magoti yalikataa, nikamwachia binti yangu Wambui funguo zote, na yeye akaziondoa funguo zenyewe. Sasa mteja anabonyeza namba mlangoni, na kila kitu kinachoingia kinapigwa picha kwa simu. Ni kazi safi, siwezi kuisema vibaya. Mimi nilifanya yangu kwa daftari, kadi za manila, na kalamu niliyoifunga mezani kwa uzi, kwa sababu hata mtu mwaminifu kabisa huondoka na kalamu ya mwenzake.

Sikupanga kuianza. Nilikuwa karani wa stoo kwenye shamba la maua kule Isinya, na kila mtu niliyefanya naye kazi alikuwa anahama. Huyu amepandishiwa kodi ya nyumba, yule amepata uhamisho, mwingine anajenga na ukuta haujafika kwenye lenta. Wa kwanza aliniomba nimwekee makochi wiki mbili. Wa pili akasikia. Ilipofika mwezi wa tatu, sebule yangu ilikuwa na seti tatu za makochi, kabati mbili za vyombo na kitanda cha futi sita kilichosimamishwa kando ya mlango. Baba Wambui, mume wangu, ni mtu mpole. Lakini jioni moja alivuka makochi mawili kwa magoti ili afike mezani, akaketi, akavuta pumzi, akaniuliza, "Mama Wambui, sisi tunaishi kwa nani?"

Nyuma ya nyumba tulikuwa na robo ekari, mahali nilipofuga kuku mpaka ugonjwa ukawamaliza. Nikanunua kontena mbili kuukuu, baadaye zikawa sita, nikaziandika namba kwa rangi nyekundu. Ndipo watu wakaanza kuniita Mama Stoo, na jina hilo halijanitoka.

Kontena ya kwanza niliikalisha moja kwa moja juu ya udongo wetu mweusi. Mvua iliponyesha udongo ukavimba upande mmoja, kontena ikainama, mlango ukakwama, na vitu vya mwalimu mmoja vilikuwa ndani siku yake ya kuhama. Kwa hiyo chimbeni mpaka mfike kwenye mwamba, muweke mawe ya kuchonga chini ya kila pembe. Paa nililipaka rangi nyeupe baada ya mama mmoja kuleta katoni kumi za mishumaa na kuja kutoa mshumaa mmoja. Matundu ya hewa niliyakata, kwenye kontena tano kati ya zile sita, baada ya jamaa kutoka Kimana kuniletea magunia akisema ni nguo za mitumba. Yalikuwa ya vitunguu. Upande wa pili wa ukuta wa mbao uliogawa kontena kulikuwa na godoro jipya la maharusi, na nasikia ndoa ile ilianza kwa machozi.

Mambo hayo nilifundishwa na mabati. Yanayohusu watu nilifundishwa na Mzee Kamande, mkuu wangu pale shamba la maua, mtu mfupi wa sweta ya kijivu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Siku moja meneja mwenyewe alikuja stoo akiwa na soksi tu, gambuti lake limepasuka, akitaka jozi nyingine. Kamande akamuuliza fomu iko wapi. Meneja akasema yeye ndiye anayesaini fomu zote.

"Basi haitakusumbua," Kamande akamwambia. "Nenda usaini."

Meneja akarudi ofisini na soksi zake, kwenye matope, na sisi wote tukajifanya tunahesabu misumari. Kamande alikuwa na neno moja alilonirudia kila siku: usipokee kitu kilichofunikwa. Funua, tazama, andika, ndipo ufunge.

Sasa niwaambie siku niliyopokea kitu kilichofunikwa.

Kanisa letu wakati huo halikuwa na jengo. Tuliabudu kwenye ukumbi wa shule ya watoto, na kwa kuwa Jumatatu watoto walitaka ukumbi wao, mali ya kanisa ilikaa kwangu, kontena namba nne, ile ambayo sikuwa nimeikata matundu: hema, viti mia mbili vya plastiki, spika, kinanda, na sufuria kubwa za kupikia sherehe. Kadi ilisainiwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Pasta Josphat, mtu mrefu, mwenye sauti isiyohitaji spika. Wa pili alikuwa Mama Nashipae, mwenyekiti wa akina mama. Huyu alikuwa rafiki yangu wa karibu. Yeye alifungasha maua Isinya miaka ile nikiwa karani, na nilipofungua stoo, wateja wangu watano wa kwanza aliwaleta yeye, akitembea nao kwa miguu mpaka langoni ili wasipotee.

Jumamosi moja Pasta alimwoza binti yake. Wageni walitoka kote, Loitokitok mpaka Kiambu. Jioni pikapu ikarudisha mali ya kanisa, nami nikasimama mlangoni na daftari langu, nimeshiba, viatu vimenibana. Nikahesabu viti. Nikahesabu sufuria. Ile kubwa kuliko zote ilikuwa na kifuniko kilichofungwa kwa kamba.

"Na hii?" nikauliza.

"Imeoshwa," Mama Nashipae akasema. "Nimeifunga isiingie vumbi."

Nikaangalia ile kamba, mafundo matatu. Nikaangalia viatu vyangu. Nikaandika: sufuria kubwa, moja, safi. Nikafunga mlango.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada tulikaa kikao cha kiwanja. Kanisa lilitaka kununua mahali pa kujenga. Pasta alipenda kiwanja cha upande wa Isinya, kipana na cha bei nafuu. Mama Nashipae alitaka kidogo cha karibu na mjini, akauliza nani atatembea mpaka Isinya na mtoto mgongoni. Pasta akasema Waisraeli walitembea mbali zaidi. Mama Nashipae akasema Waisraeli hawakuwa na kazi Jumatatu. Maneno yakapanda kutoka hapo, na ilipofika saa nane mchana kila mtu alikuwa amechagua upande. Mimi sikuchagua. Nilienda nyumbani kuvua viatu.

Jumatatu asubuhi, chai yangu haijapoa, Pasta akafika na kufuli mpya.

"Mama Stoo, mali ya kanisa iko hatarini. Naomba niweke yangu."

Nikatoa kadi. Saini yake ilikuwepo. Kontena ina komeo mbili, nikamwachia ya kulia. Hakuwa amefika mbali Mama Nashipae akaingia.

"Takwenya," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu, lakini macho yalikuwa kwenye mlango wa namba nne. "Pasta ameweka kufuli? Na mimi niko na yangu."

Nikatoa kadi. Saini yake pia ilikuwepo. Akaweka kufuli yake kwenye komeo ya kushoto. Ikawa mlango haufunguki mpaka waje wote wawili, na hao wawili walikuwa hawasemezani. Nilijiona nimefanya kazi nzuri sana. Hata nilimsimulia Baba Wambui wakati wa chakula cha mchana.

Jumatano Mama Nashipae akarudi, peke yake, akinyemelea kama mtu anayetafuta mbuzi wa jirani.

"Nifungulie nitoe sufuria. Moja tu. Ile kubwa."

"Kuja na Pasta."

"Siwezi kwenda kumwongelesha Pasta kwa sababu ya sufuria."

"Na mimi siwezi kukata kufuli ya mtu."

"Tumetoka mbali, mimi na wewe," akasema. Kisha akaondoka bila kuaga, mtu ambaye hakuwahi kutoka kwangu bila kuonja chai. Nilikaa kwenye kiti cha pale langoni mpaka saa sita, na wateja waliokuja niliwahudumia bila kusikia wanachosema.

Pasta alipata habari. Kesho yake akaja, akasimama katikati ya ua.

"Mama Nashipae alikuja kuchukua nini?"

"Muulize yeye, Pasta."

"Ukimfungulia, kanisa zima litatoa vitu kwako."

Wakati huo kanisa, pamoja na waumini waliokuwa na vitu kwangu, lilikuwa nusu ya wateja wangu. Nikampigia simu Mzee Kamande, ambaye alikuwa amestaafu na kwenda kulima Illasit. Nikamwelezea yote. Akaniuliza kadi ina saini za nani. Nikamwambia za wote wawili.

"Basi ngoja wote wawili," akasema, akakata simu. Kamande aliongea kwenye simu kama mtu anayelipia kila neno.

Ijumaa nikaanza kusikia harufu. Nilidhani ni panya, nikatega mitego mitatu. Jumamosi wakaja nzi, wale wa kijani. Jumatatu muuza mapazia wa kontena namba tatu alikuja kuchukua mizigo yake, akatoka na leso puani.

"Mama, hapo jirani umeweka nini?"

"Viti," nikamwambia.

"Viti vya nini hivyo?"

Nikampigia Kamande tena. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ile sufuria kubwa. Ulifunua?"

Nikafukuza nzi aliyetua juu ya daftari.

"Mama Wambui."

"Sikufunua, Mzee."

Nilisikia jembe likiwekwa chini. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. "Basi unajua ni nini," akasema.

Nikaenda kwa Mama Nashipae. Nilimkuta akianika mahindi. Nikamwambia harufu inatoka namba nne, nikamwomba aje na ufunguo, nami nitamleta Pasta. Hakuinua kichwa.

"Ni panya," akasema.

"Si panya."

"Wewe waambie watu ni panya."

Lakini watu walikuwa wameshajiambia wenyewe. Kufikia Jumatano mtaa wetu mzima ulijua kwamba kwa Mama Stoo kuna maiti. Wengine walisema ni mpangaji aliyekataa kulipa, wengine ni mlinzi, ingawa mlinzi wangu alikuwa akipita hapo hapo wakisema. Saa nne asubuhi akafika naibu wa chifu na askari wawili, na nyuma yao watu kama thelathini. Muuza mayai ya kuchemsha alikuwa ameshaweka ndoo yake langoni.

"Mama, kuna ripoti hapa kuna mtu amekufa," naibu akasema. "Fungua, ama tuvunje."

Nikamwonyesha kadi. Nilijua wakivunja kufuli mbele ya umati ule, hakuna mtu atakayeniachia hata kijiko. Nikamwomba saa moja. Akaangalia saa yake, akasogea mbali na ile harufu, akasema sawa. Nikawapigia simu wote wawili, na kila mmoja nilimwambia neno lile lile: polisi wako hapa, na wanasema kanisa limeficha maiti.

Pasta alifika kwa pikipiki. Mama Nashipae alifika kwa miguu, anahema. Kila mmoja akafungua kufuli yake bila kumtazama mwenziwe. Nikavuta mlango.

Sitawaelezea. Kontena isiyo na matundu, jua la siku kumi na moja, nyie malizieni wenyewe. Naibu wa chifu alirudi nyuma mpaka akagota kwenye ua wa miiba. Askari mmoja akafungua kile kifuniko kwa ncha ya rungu, akachungulia, akakirudisha haraka.

"Si mtu," akatangaza. "Ni sherehe."

Umati ukatawanyika, wengine wakiwa wamevunjika moyo waziwazi. Baba Wambui akaanza kuchimba shimo nyuma ya kontena. Ikabaki sufuria. Ilikuwa ya kubebwa na watu wawili, na mgongo wangu hauwezi. Pasta akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe. Mama Nashipae akajifunga leso usoni.

"Shika huko," Pasta akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Jumapili ile.

"Usiende haraka."

"Niende pole na kitu kama hiki?"

"Utanimwagia."

Aliyemwagiwa alikuwa yeye Pasta, kwenye suruali ya suti ya harusi. Walifika shimoni, wakamwaga, wakarudi kila mmoja akitazama upande wake.

Pasta alipoondoka kwenda kutafuta suruali, Mama Nashipae alinifuata kwenye mfereji. Aliosha mikono kwa sabuni mara tatu kabla ya kusema.

"Ilikuwa mguu mzima na mbavu. Niliwafichia akina mama. Walipika kutoka alfajiri, wageni wakamaliza yote. Nikasema hao hawatarudi nyumbani na harufu ya nyama kwenye nguo peke yake. Ningetoa Jumatatu tugawane."

"Jumatatu si ulikuja na kufuli."

"Nilikuwa na hasira. Nyama niliikumbuka Jumanne." Akafunga mfereji. "Usimwambie Pasta."

Vile viti vilinuka. Hema lilinuka. Tukatoa kila kitu uani kipigwe na jua, na upande mmoja ukataka kuchukua viti mia, upande mwingine ukataka kinanda. Nikawaambia kadi ni moja, vinatoka wakikubaliana au havitoki. Hawakukubaliana. Kwa hiyo Jumapili, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zimechoka kusimama, wote walikuja mahali viti vilipokuwa, yaani kwangu, wakapiga hema katikati ya kontena zangu. Walikaa wameacha nafasi katikati inayoweza kupitisha trekta.

Kabla ya mahubiri nikaomba nafasi. Nilikuwa nimelala vibaya siku nne.

"Ile sufuria niliiandika safi," nikasema, "na sikuifunua. Mali yenu imeharibika na kanisa limesemwa mtaani kwa sababu yangu. Naomba msamaha."

"Nani aliweka hicho chakula?" mzee mmoja wa kanisa akauliza.

"Mimi ndiye niliyefunga mlango."

Kukawa na manung'uniko, na kwa mara ya kwanza tangu kikao cha kiwanja yalitoka pande zote mbili. Yule mzee akasema pengine ni wakati wa kanisa kutafuta stoo nyingine. Vichwa vingi vikaitikia. Niliona kazi yangu ikinitoka hivyo, taratibu, watu wamevaa nguo nzuri. Nikabaki nimesimama kwa sababu sikujua mtu aliyefanya kosa anatakiwa kukaa saa ngapi.

Nikasikia kiti kikisogezwa nyuma yangu.

"Nyama ilikuwa yangu," Mama Nashipae akasema. "Niliificha, nikaifunga kamba, nikamdanganya huyu. Alinikatalia nisiitoe, nikamnunia."

Pasta akaiweka maikrofoni juu ya kinanda.

"Mama Nashipae," akasema, "siku ile ilikuwa harusi ya binti yangu. Nilisimama kutoka asubuhi nikipokea wageni. Unajua mimi nilikula nini?"

"Hapana, Pasta."

"Supu. Na haikuwa na mfupa."

Aliyecheka kwanza ni Baba Wambui, mtu ambaye hacheki kanisani. Akafuatwa na akina mama wa nyuma, kisha wale wa mbele, na Mama Nashipae akakaa chini, amefunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Pasta mwenyewe ilibidi ageuke. Kwa habari ya kiwanja, hatukukubaliana siku ile wala mwezi ule, na familia nne zilihama kabisa. Ila tulibishana tukiwa tumekaa hema moja. Mwishowe tulinunua cha mjini, kidogo, na Pasta hulalamika mpaka leo hana mahali pa kuegesha.

Stoo haikuhamishwa. Namba nne niliikata matundu wiki ile ile.

Ibada ilipokwisha, Mama Nashipae alibaki kunisaidia kupanga viti. Tulifanya kazi pamoja, yeye ananipa, mimi naweka juu ya vingine.

"Wewe ulikuwa unajua," akasema. "Mbona hukunitaja?"

"Kilicho ndani ya chumba ni siri ya mwenye chumba."

Akakinusa kiti alichokuwa amekishika.

"Hata kikinuka?"

"Hata kikinuka."

Akanipa kiti kingine.